Kwa nini kidole tumbo cha mzee kinatuponyoka

Swali la msomaji:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Wiki iliyopita nililetewa mzee wa miaka 79, tumbo likimsumbua kwa siku ya tatu, zaidi chini upande wa kulia. Hakutapika, ila hamu ya kula hana, na choo hajapata siku mbili. Joto la mwili 37.1, mapigo 84, presha 118/70. Ana ugonjwa wa presha, anatumia amlodipini na atenololi. Tumbo lilikuwa laini, aliumia kidogo nilipombonyeza. Chembe nyeupe za damu 9,400, neutrofili (zile zinazopambana na bakteria) asilimia 86. Mkojo ulikuwa na chembe za usaha 10 hadi 15. Binti yake alisema tangu jana yake mzee anaongea vitu visivyoeleweka. Nilihesabu alama za Alvarado, zile za kukadiria uwezekano wa kidole tumbo, nikapata 3. Nikaandika maambukizi ya njia ya mkojo, nikampa antibayotiki, akarudi nyumbani. Siku mbili baadaye aliletwa tumbo limekakamaa kama ubao. Wapasuaji wakakuta kidole tumbo kimepasuka na usaha umejaa kwenye nyonga. Sasa yuko wodini na anaendelea vizuri. Nilikosea wapi? Na mwingine nitamtambuaje?"

Jibu:

Marahaba, daktari mwenzangu. Nimeshukuru kusikia mzee anaendelea vizuri, na nakuheshimu kwa kuandika namba zote bila kuficha hata moja. Hizo ndizo zitakazotufundisha. Barua yako nimeisoma mara tatu, na jibu la swali lako la kwanza ni hili: karibu kila dalili uliyoihitaji ulikuwa nayo mkononi. Ulimpima mtu wa miaka 79 kwa mizani ya kijana wa miaka 20, kwa sababu mizani hiyo ndiyo tuliyofundishwa sote.

Tuanze na huyo kijana. Kidole tumbo chake kikiziba, kwa kinyesi kilichokauka au kwa tezi zilizovimba ndani ya ukuta wake, kinajaa na kutanuka. Maumivu huanza karibu na kitovu, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya kidole tumbo huingia kwenye uti wa mgongo pale pale inapoingia ile ya ngozi ya kitovu, na ubongo hauwezi kuzitofautisha. Saa kadhaa baadaye uvimbe unagusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, na maumivu yanahamia chini kulia, mahali alipopaeleza mpasuaji Charles McBurney mwaka 1889. Hamu ya kula inaondoka, kichefuchefu kinaingia, joto linapanda, chembe nyeupe zinaongezeka, misuli ya tumbo inajikaza yenyewe kila ukigusa. Simulizi hiyo imenyooka. Lakini angalia kwamba kila sehemu yake inategemea mwili wenye nguvu ya kulalamika: mishipa ya fahamu inayopeleka habari upesi, misuli minene ya kujikaza, uboho wa kutoa askari wapya kwa haraka, na ubongo unaojua kuongeza joto.

Kwa mzee kila kimoja kati ya hivyo kimepungua. Maumivu ya ndani huyahisi kwa kuchelewa na kwa uhafifu, na akiwa na kisukari cha muda mrefu ndiyo kabisa. Misuli ya tumbo imekonda, kwa hiyo hata utando ukiwa umeungua kwa usaha, mkono wako utakuta tumbo laini. Mzee hasemi "linanichoma hapa". Atasema tumbo halitaki kitu, au anahisi uzito, au hatasema lolote ila ataacha kula.

Wakati huohuo, kidole tumbo chenyewe kimekuwa dhaifu kuliko cha kijana. Tundu lake limebanwa, ukuta umekuwa mwembamba na umeingiwa na mafuta. Kinalishwa na mshipa mmoja mdogo wa ateri usio na msaidizi, na mshipa huo umekakamaa kama ateri nyingine zote za mwili wake. Shinikizo likipanda kidogo tu ndani, damu inakatika na ukuta unaoza. Hata lile shuka la mafuta linaloning'inia mbele ya matumbo, ambalo kwa kijana hukimbilia kuufunika uvimbe na kuufungia mahali pamoja, kwa mzee limesinyaa. Kwa hiyo habari zinachelewa kufika huku ugonjwa wenyewe ukienda mbio. Sijui jambo jingine katika upasuaji wa dharura linalonisumbua zaidi ya hilo.

Matokeo yanaonekana kwenye hesabu. Wagonjwa wengi wa kidole tumbo wana umri wa kati ya miaka 10 na 30, na wazee ni sehemu ndogo tu. Lakini kwa vijana, takriban mmoja katika watano ndiye anayefika chumba cha upasuaji kikiwa kimeshapasuka. Kwa wazee tafiti zinatofautiana, na nyingi zinataja kati ya theluthi moja na theluthi mbili. Vifo kwa vijana haviifikii hata asilimia moja. Kwa wazee ni mara kadhaa zaidi, na wengi wao hawauawi na upasuaji wenyewe. Wanauawa na siku zilizopita kabla ya upasuaji. Siku mbili za mzee wako ziko humo, na pia siku tatu alizokaa nyumbani kabla hajakufikia, ambazo si zako.

Sasa turudi kwenye barua yako, mstari kwa mstari.

Joto 37.1. Wazee wengi joto lao la kawaida liko chini, linaweza kuwa 36.2 siku akiwa mzima. Kwa mtu wa namna hiyo, 37.1 tayari ni kupanda. Je, ulimuuliza kama alimeza parasetamoli asubuhi ile? Wazee wanaoumwa magoti humeza dawa za maumivu kila siku na hawazihesabu kuwa dawa. Mimi huomba familia ilete mfuko mzima wa dawa, nimwage mezani na kushika pakiti moja moja. Humo utakuta vidonge vya maumivu, na wakati mwingine prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, ambayo inaweza kulinyamazisha tumbo lenye usaha hadi liwe kama la mtu mzima wa afya.

Mapigo 84. Umeandika mwenyewe kwamba anatumia atenololi. Dawa hiyo kazi yake ni kuufunga moyo usikimbie. Mapigo 84 kwa mtu aliyefungwa moyo kwa atenololi si mapigo tulivu; huenda bila kidonge kile ungesoma 110. Na presha 118/70 kwa mtu mwenye ugonjwa wa presha inadai swali: kawaida yake ni ngapi? Kama kadi yake ya kliniki inaonyesha 150 kwenda juu kila mwezi, basi alikuwa ameshashuka sana wakati wewe unaandika kwamba yuko sawa.

Chembe nyeupe 9,400. Kwa wazee si ajabu namba hii kubaki ndani ya mipaka ya kawaida hata kidole tumbo kikiwa kimeoza. Iliyonishtua ni ile uliyoiandika mara moja ukaipita: neutrofili asilimia 86. Uboho ulishindwa kuongeza jeshi, ila ulishatuma karibu askari wote uliokuwa nao kwenye vita vya bakteria. Soma uwiano, usiishie kwenye jumla. Na kama maabara yako ina CRP, kipimo cha damu cha uvimbe na maambukizi mwilini, iombe. Hupanda ndani ya saa 12 hadi 24, kwa hiyo siku ya tatu ingekuwa na la kusema. CRP na chembe nyeupe zote mbili zikiwa za kawaida siku ya tatu, uwezekano wa kidole tumbo unapungua sana, ingawa kwa mzee mwenye maumivu ya upande wa kulia mimi bado simruhusu aondoke kwa hayo peke yake.

Mkojo. Hapa ndipo wengi wetu tumeteleza, nami nikiwemo. Kidole tumbo kirefu huning'inia ndani ya nyonga na kuegemea kibofu, au hulala juu ya mrija wa mkojo unaotoka kwenye figo. Kikivimba, uvimbe unavuka hadi kwa jirani, na chembe za usaha zinatokea kwenye mkojo ambao hauna ugonjwa. Tena wazee wengi hukaa na bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote. Mzee wako hakulalamika kuungua akikojoa, hukuandika kwamba alikuwa anakwenda haja ndogo kila mara. Alikuwa na maumivu ya tumbo na karatasi ya maabara. Kabla hujaandika maambukizi ya njia ya mkojo kwa mzee mwenye maumivu ya tumbo, jiulize: mkojo huu ungekuwa safi, ningesema anaumwa nini? Ukikosa jibu, bado hujamaliza kumpima. Antibayotiki uliyompa inawezekana ilipunguza makali kwa siku moja, ikawapa familia matumaini ya kungoja.

Choo siku mbili. Utumbo ulio karibu na usaha hulala. Kwa baadhi ya wazee hilo ndilo linaloonekana peke yake: tumbo limejaa gesi, choo hakuna, eksrei inaonyesha utumbo mwembamba umetanuka, na mgonjwa analazwa kwa kuziba utumbo. Kwa wengine ni kinyume, kidole tumbo kilicho kwenye nyonga hukera rektamu, mwisho wa utumbo mpana, na mzee anaharisha kidogo kidogo, akapewa dawa ya kuhara.

Halafu ile sentensi ya binti. Anaongea vitu visivyoeleweka tangu jana. Kama ningeruhusiwa kubakiza mstari mmoja tu wa barua yako, ningebakiza huo. Ubongo wa mzee mara nyingi ndio kiungo cha kwanza kuonyesha kwamba mwili unapigana na maambukizi, unatangulia joto na unatangulia chembe nyeupe. Mtu wa miaka 79 aliyekuwa anajua majina ya wajukuu wake wote juzi, na leo hajui yuko chumba gani, ana ugonjwa wa ghafla mpaka utakapothibitisha vinginevyo. Tena kuanguka, kukataa kula, kushindwa kuinuka kitandani, vyote viko kwenye kundi hilo. Usimuulize mgonjwa peke yake. Muulize anayeishi naye maswali mawili: alikuwaje wiki iliyopita, na kimebadilika nini? Uliza pia kama kuna saa maumivu yalipungua ghafla halafu yakarudi yakiwa yametapakaa tumbo zima. Kidole tumbo kikipasuka shinikizo huondoka, na mgonjwa husema leo afadhali. Afadhali ya namna hiyo ni ya saa chache.

Niliyajua haya kwa gharama. Nilipokuwa bado najifunza upasuaji, nilipewa kumwangalia bibi wa miaka 82 aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau. Alikuwa haongei. Nilimbonyeza tumbo asubuhi, laini. Nikambonyeza jioni, laini. Niliandika "tumbo laini" mara mbili kwenye faili. Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyenifuata akaniambia: nikimgeuza kubadilisha shuka, kushoto anakubali, kulia ananisukuma mkono, na ule mguu wa kulia hataki kuunyoosha. Nilienda nikamtazama nikiwa nimesimama tu, bila kumgusa. Alikuwa amelala chali, goti la kushoto limenyooka, la kulia limekunjwa. Nilipojaribu kulinyoosha, uso wake ulikunjamana wote. Tulipomfungua, kidole tumbo kilikuwa cheusi, kimelala nyuma ya utumbo mpana, juu ya msuli wa kiuno, na usaha ulikuwa umezunguka pale nyuma ambako mkono wangu wa mbele usingefika kamwe. Tulimpoteza siku ya sita. Tangu siku ile siandiki "tumbo laini" kabla sijaangalia miguu.

Kwa hiyo, unapompima mzee, anza na macho. Alivyoingia mlangoni, alikuwa ameinama upande mmoja? Kitanda cha magurudumu kilipopita kwenye kizingiti na kutikisika, aliguna? Mwombe akohoe na umtazame anaweka mkono wapi. Kisha kaa. Mkono wako uwe na joto, na ongea naye habari za wajukuu huku unabonyeza taratibu ukianzia kushoto, mbali na panapouma. Usitazame tumbo, tazama uso, maana mzee aliyelelewa kutolalamika atasema "kidogo tu" wakati jicho limeshafumba kwa nguvu. Mlaze ubavu wa kushoto, uvute paja la kulia nyuma: akiumia, huenda kidole tumbo kiko nyuma, na huko nyuma ya utumbo mpana ndiko vingi hulala. Bonyeza kinena pande zote mbili, nguo ikiwa imeshushwa, kwa ajili ya ngiri. Pima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa ukimweleza kwanza kwa heshima kwa nini. Kwa kidole tumbo cha kwenye nyonga, maumivu upande wa kulia huko ndani yanaweza kuwa ushahidi pekee utakaoupata kwa mkono.

Alama za Alvarado. Alfredo Alvarado alizitoa mwaka 1986, jumla yake ni 10, na zimetusaidia sana. Ulipata 3: mbili za maumivu ya kubonyeza chini kulia na moja ya kukosa hamu ya kula. Ile ya neutrofili uliisahau, kwa hiyo zilikuwa 4. Lakini hata ukihesabu bila kosa, 4 bado inaangukia upande wa "uwezekano mdogo", na mgonjwa alikuwa na kidole tumbo kinachooza. Tatizo liko kwenye vitu vinavyohesabiwa: joto, chembe nyeupe, kutapika, maumivu kuhama, maumivu ya kuachia mkono ghafla. Ni vile vile vinavyofifia kwa umri. Miongozo ya Yerusalemu ya Jumuiya ya Dunia ya Upasuaji wa Dharura, toleo la 2020, inaruhusu kuruka picha ya tumbo kwa mgonjwa mwenye alama za juu kabisa, na hata huyo awe chini ya miaka 40. Msimamo wangu ni huu: kwa mtu wa zaidi ya miaka 65, alama nyingi zinanihimiza, alama chache hazinitulizi.

Picha ndiyo inayoamua. CT ya tumbo, eksrei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande, hukitambua kidole tumbo kilichovimba kwa zaidi ya asilimia 90, na kwa mzee ina faida ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza: kama si kidole tumbo, itakuonyesha ni nini. Utaona kidole tumbo chenye kipenyo cha zaidi ya milimita 6, ukuta umenenepa, mafuta yanayokizunguka yamekuwa na ukungu, pengine na kijiwe ndani. Watu husitasita kwa sababu ya dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani na hofu ya figo. Hofu ina msingi, pima kreatinini, kipimo cha damu cha utendaji wa figo, na mpe maji. Lakini figo za mzee huharibiwa vibaya zaidi na usaha ulioachwa tumboni kuliko na dawa ile, na ikibidi, hata CT bila dawa huonyesha mengi. Altrasaundi ni nzuri kuanza nayo pale kitandani, ila kwa mzee aliyejaa gesi mara nyingi haifiki kwenye kidole tumbo. Ripoti ikisema "kidole tumbo hakikuonekana", maana yake ni hiyo hiyo: hakikuonekana. Isisomwe kwamba ni kizima. Eksrei ya kawaida itakusaidia kuona hewa iliyovuja chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo au utumbo ulioziba, basi.

Na kama kituo chako hakina CT? Mzee mwenye maumivu ya tumbo ya siku kadhaa na fahamu zilizobadilika apewe rufaa siku hiyo hiyo, mchana, dripu ikiwa inaingia. Kama safari haiwezekani usiku ule, mlaze. Weka alama ya kalamu kwenye ngozi pale palipouma, na urudi wewe mwenyewe kila baada ya saa 4 hadi 6, mkono ule ule, ukilinganisha. Mabadiliko ya saa 6 hufundisha kuliko namba ya saa moja. Ambalo nakusihi usilifanye tena ni kumrudisha nyumbani na maneno "ukizidiwa uje". Mzee hajui amezidiwa. Mara nyingi ni mtoto wake anayejua, na anajua akiwa amechelewa.

Kuna magonjwa yanayovaa sura hii, na mengine ni ya haraka kuliko kidole tumbo. Ateri kuu ya tumbo iliyovimba na kuanza kuvuja inaweza kuuma kiunoni na ubavuni. Mwanaume mzee mwenye maumivu ya ghafla na presha inayoshuka, weka kipimo cha altrasaundi katikati ya tumbo kabla ya kitu kingine. Utumbo uliokatikiwa damu huuma vibaya sana huku tumbo likiwa laini, hasa kwa mwenye moyo unaopiga bila mpangilio. Ngiri ya kwenye paja, kwa bibi mwembamba, imesahauliwa mara nyingi kwa aibu ya kutomvua nguo. Kifuko cha nyongo, vifuko vya utumbo mpana vilivyovimba, kidonda cha tumbo kilichotoboka ambacho maji yake yametiririka hadi kulia chini. Fikiria pia nimonia ya chini ya pafu la kulia, mshtuko wa moyo, kibofu kilichojaa kwa sababu tezi dume limeziba njia, na mkanda wa jeshi siku mbili kabla malengelenge hayajatoka. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvuja damu ndani ya msuli wa tumbo na ukahisi uvimbe. Wote hao, kipimo cha umeme wa moyo na CT vitakupunguzia kubahatisha.

Lipo moja linalostahili kusimama peke yake. Kwa mzee, kinachoziba mlango wa kidole tumbo kinaweza kuwa saratani iliyoota kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo mpana. Muulize kuhusu kupungua uzito na mabadiliko ya choo ya miezi iliyopita, angalia kama ana upungufu wa damu. Upungufu wa damu wa madini ya chuma kwa mzee mwenye "kidole tumbo" ni taa nyekundu.

Dawa ya maumivu mpe. Bado nakutana na vijana wanaomwacha mzee ateseke wakimngojea mpasuaji, eti morfini itaficha ugonjwa. Ushahidi wa miaka mingi umeonyesha kwamba haiharibu utambuzi. Mzee aliyetulizwa anapimika vizuri zaidi, mradi dozi iwe ndogo na uangalie anavyopumua.

Kuhusu matibabu nitasema machache, kwa kuwa hukuniuliza. Umri pekee si sababu ya kumnyima mzee upasuaji, na wa matundu madogo wengi wao huustahimili vizuri. Kutibu kwa antibayotiki peke yake kumejadiliwa sana tangu utafiti wa APPAC wa Finland utoe matokeo mwaka 2015, lakini washiriki wake 530 walikuwa wa miaka 18 hadi 60, na miaka mitano baadaye karibu 4 katika kila 10 waliotibiwa kwa dawa walikuwa wamerudiwa na ugonjwa. Mzee wako hakuwa sehemu ya utafiti ule. Kwa mtu kama yeye, dawa peke yake ni njia ya pale ambapo nusukaputi ni hatari kuliko ugonjwa, na uamuzi huo ufanywe na mpasuaji, mtaalamu wa usingizi na familia wakiwa wamekaa pamoja.

Kesho ukienda wodini, fanya mambo mawili. Kwanza ulizia kama kipande cha kidole tumbo kimepelekwa maabara ya patholojia, na uifuatilie ripoti mpaka uishike mkononi. Mwambie mpasuaji kwamba ungependa mzee, akishapona, apimwe utumbo mpana kwa kamera baada ya wiki kadhaa. Tabia ya kusahau hili ipo, na wewe ndiye unayemjua toka siku ya kwanza. Pili, mtafute binti yake. Mweleze ulichokiona siku ile na ulichokosa kukiona, kwa maneno ya kawaida, umekaa chini. Na mwambie kwamba aliposema baba yake anaongea vitu visivyoeleweka, alikuwa amekupa dalili yenye uzito kuliko zote zilizokuwa kwenye faili.